Mtoto amenunua vitu vya gemu kwa pesa yako: namna ya kuidai irudi

Maswali ni yale yale, na huongezeka shule zikifungwa. Mzazi amepata ujumbe wa benki kwamba amekatwa, na si mara moja, ni makato ya mfululizo usiku kucha. Akitazama vizuri anaona jina la Google au Apple. Akiuliza sebuleni, mtoto anainamisha kichwa. Ni almasi za Free Fire, au UC za PUBG Mobile, au Robux, au sarafu za eFootball, yaani pesa za ndani ya gemu zinazonunuliwa kwa pesa halisi. Kisha huja maswali mawili: pesa itarudi? Na nianzie wapi?

Nafasi ya kurudishiwa ipo, mradi uombe mapema, uombe kwa aliyekukata, na useme ukweli kwamba aliyenunua ni mtoto. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa kwa makusudi. Ukiruka ya kwanza ukakimbilia ya tano, unaweza kuwa unadai pesa ya jana huku ya leo inakatwa.

Kabla hujaanza

Tenga kama saa moja isiyo na usumbufu, uwe na vitu hivi karibu:

- Simu, tableti au kompyuta iliyotumika kununua. Usiirudishe kwenye hali ya kiwandani, na gemu yenyewe usiifute bado.
- Anwani ya barua pepe ya akaunti iliyonunua, pamoja na nywila yake. Simu nyingi za nyumbani zina akaunti mbili tatu, kwa hiyo hakikisha ni ipi.
- Taarifa ya miamala ya kadi au ya pesa za simu. Usitegemee jumbe zilizobaki kwenye simu, kwa sababu mtoto mwenye hofu huzifuta. Kwa M-Pesa ya Kenya tumia programu yao au *334#. Kwa Vodacom Tanzania ni *150*00#. Kwa kadi, fungua programu ya benki au nenda tawini.
- Daftari na kalamu.
- Mtoto mwenyewe, akiwa ametulia. Kama ndiyo kwanza umegundua na damu inachemka, fanya hatua ya kwanza peke yako, mwite baadaye.

Hatua ya 1: Ziba njia kabla ya kudai chochote

Kwenye Android, fungua Play Store, gusa picha ya akaunti juu upande wa kulia, ingia kwenye mipangilio, utafute sehemu ya kuthibitisha ununuzi. Kwenye simu iliyo kwa Kiingereza imeandikwa “Purchase verification”, au kwa simu za zamani “Require authentication for purchases”. Chagua uthibitisho uhitajike kwa kila ununuzi. Chaguo la kila baada ya dakika 30 usiliweke kabisa. Ukimnunulia mtoto kitu kimoja kwa ridhaa yako, anabaki na nusu saa ya kununua vingine bila kuulizwa lolote, na nusu saa ni muda mrefu sana kwa kidole cha mtoto. Mpangilio huu unahusu kifaa kile ulichouweka tu. Kama akaunti yako iko pia kwenye tableti, rudia huko.

Baada ya hapo rudi kwenye picha ya akaunti, ingia kwenye malipo na usajili, fungua njia za kulipa, uondoe kadi.

Kwenye iPhone au iPad ingia Settings, kisha Screen Time, kisha “Content & Privacy Restrictions”, halafu sehemu ya ununuzi wa iTunes na App Store. Kwenye “In-app Purchases” chagua “Don’t Allow”. Namba ya siri ya Screen Time iwe tofauti na ile ya kufungulia simu, kwa kuwa hiyo ya kufungulia mtoto anaijua, hata kama hujawahi kumwambia.

Badilisha namba ya siri ya M-Pesa, Airtel Money au huduma nyingine unayotumia. Halafu fungua orodha ya alama za vidole zilizosajiliwa kwenye simu. Watoto wengi husajili kidole chao siku wanapoachiwa simu wachezee, na mzazi hajui. Kidole hicho kikibaki, uthibitisho wote uliouweka hautazuia kitu.

*Onyo:* kuondoa kadi kwenye akaunti ya Google au Apple ni jambo moja, kuifunga kadi benki ni jambo lingine. Usiifunge benki kabla ya pesa kurudi, maana marejesho huelekezwa kwenye kadi ile ile iliyokatwa. Ifunge haraka pale tu namba zake zimepelekwa kwa mtu au tovuti usiyoijua.

Hatua ya 2: Mhoji mtoto kama shahidi

Najua hasira inavyokuwa, hasa pesa ikiwa ya kodi ya nyumba au ada. Lakini katika saa hii ya kwanza mtoto ndiye mwenye taarifa zote unazozihitaji, na mtoto anayepigwa hutoa taarifa zile tu zitakazofanya kipigo kikome. Anafuta jumbe, anaficha akaunti ya pili, anasema alinunua mara moja kumbe mara sita. Adhabu, kama unaona inafaa, ina muda wake baadaye.

Muulize, uandike majibu:

- Ni gemu gani, na anatumia jina na namba gani ya mchezaji ndani yake?
- Alinunua lini kwa mara ya kwanza? Si ya mwisho.
- Alilipaje: kwa kadi iliyokuwa tayari kwenye simu, kwa pesa za simu, kwa salio la muda wa maongezi, au alimtumia mtu?
- Nani alimwelekeza? Kaka, rafiki wa shule, au mtu aliyekutana naye ndani ya gemu?
- Alivyonunua vimeshatumika, au vipo?

Swali la mwisho lina uzito. Mwambie asitumie hata almasi moja kuanzia sasa, wala asimtumie mwenzake zawadi. Ombi la kurudishiwa pesa huwa na nguvu zaidi kama kilichonunuliwa bado kipo.

Umpe pia nafasi ya kueleza alichodhani anafanya. Wapo waliojua wazi kwamba ni pesa ya baba. Wapo pia ambao kweli hawakuelewa, kwa sababu gemu hubadilisha pesa kuwa almasi, almasi kuwa sanduku, sanduku kuwa skini (vazi au mwonekano wa mhusika wa gemu), na mahali fulani katikati shilingi hupotea machoni. Jambo hili limefika hata serikalini. Mwaka 2014 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilifikia makubaliano na Apple kurudisha angalau dola milioni 32.5, na Google angalau dola milioni 19, kwa manunuzi ya watoto ndani ya programu. Desemba 2022 Epic Games, watengenezaji wa Fortnite, walikubali kulipa dola milioni 245 za marejesho kwa tuhuma za kupanga vitufe kwa namna inayowanasa wachezaji walipe bila kukusudia. Marejesho hayo yalikuwa ya wateja wa huko, hayakupi wewe dai la moja kwa moja. Nayataja ili ujue unapoketi na mwanao kwamba upande wa pili wa kile kitufe kuna watu wazima waliokipanga.

Hatua ya 3: Kusanya ushahidi

Kwa kila kato andika tarehe, saa, kiasi, sarafu iliyotumika, na namba ya oda. Kwa Google namba ya oda huanza na herufi GPA, na unaipata kwenye risiti iliyotumwa kwa barua pepe au kwenye historia ya manunuzi ya Play Store. Tafuta risiti pia kwenye folda ya barua taka. Kwa Apple, risiti huja kwa barua pepe, na manunuzi yote huonekana ukiingia reportaproblem.apple.com.

Kwenye taarifa ya benki, makato ya Google huandikwa GOOGLE ikifuatwa na nyota na jina la programu au kampuni yake. Ya Apple huandikwa APPLE.COM/BILL. Usishangae hesabu zisipooana mstari kwa mstari. Apple huweza kuunganisha manunuzi kadhaa kuwa kato moja, na pale bei ilipokuwa kwa dola, benki imebadilisha kwa viwango vyake.

Piga picha za skrini: historia ya manunuzi, salio la almasi ndani ya gemu, na ukurasa wenye namba ya mchezaji. Hifadhi picha hizo kwenye simu nyingine.

Hatua ya 4: Tambua nani hasa aliyekukata

Hapa ndipo wengi wanapopotea, wakapoteza wiki nzima wakirushwa kutoka dirisha moja hadi jingine. Mtengenezaji wa gemu si lazima awe ndiye aliyechukua pesa yako. Benki nayo ni mpitishaji tu. Dai la kwanza linakwenda kwa duka lililotoza.

*Kama risiti ni ya Google Play au Apple,* dai ni la Google au Apple, hata kama pesa ilitoka kwenye M-Pesa. Kenya, Google Play inapokea M-Pesa kama njia ya kulipa, na zipo pia kadi za mtandaoni zinazotolewa na M-Pesa, kama ile ya GlobalPay ambayo Safaricom na Visa waliizindua mwaka 2022. Mzazi akiona neno M-Pesa anakimbilia mtandao wa simu. Mtandao utamwambia muamala ulikamilika salama, na kweli ulikamilika.

*Kama ni PlayStation au Xbox,* dai ni la Sony au Microsoft. Wengi wetu tunatumia akaunti za PlayStation zilizosajiliwa kwa nchi nyingine, mara nyingi Afrika Kusini, Uingereza au Marekani. Basi wasiliana na huduma kwa wateja ya nchi ya akaunti.

*Kama alilipa kwenye tovuti ya gemu yenyewe,* dai ni la kampuni ya gemu. Ndani ya gemu tafuta sehemu ya msaada, uandike ukiwa umeingia kwa akaunti ya mtoto ili namba ya mchezaji iambatane yenyewe.

*Kama alikatwa salio la muda wa maongezi,* angalia kwanza kama kuna risiti ya Google Play. Ipo? Dai ni la Google. Haipo? Pigia mtandao wako wa simu, ulizia huduma za kulipia zilizounganishwa na laini, uombe ziondolewe zote.

*Kama alimtumia mtu,* hii ndiyo ngumu kuliko zote. Kuna vijana wanaouza almasi kwa WhatsApp: unatuma pesa kwa simu, unatoa namba ya mchezaji, almasi zinaingia. Wengine ni waaminifu, wengine matapeli. Kama almasi hazikuja, omba mtandao urudishe muamala mara tu unapogundua, kabla aliyepokea hajaitoa pesa. Kwa Safaricom unasambaza ule ujumbe wa muamala kwenda 456. Tanzania pigia huduma kwa wateja ya mtandao wako. Namba ya tapeli iripoti: Tanzania kwa 15040, Safaricom kwa 333, na kama kiasi ni kikubwa nenda polisi na taarifa ya miamala mkononi. Lakini kama almasi zilikuja, yule kijana alitimiza alichoahidi. Unaweza kumpigia umweleze kiungwana kwamba mnunuzi alikuwa mtoto, na atakachoamua ni hiari yake. Kudai kwa mtandao kwamba ulikosea namba, ilhali si kweli, ni kumwibia.

Hatua ya 5: Wasilisha ombi

*Google Play.* Ingia play.google.com ukitumia akaunti iliyonunua, fungua historia ya oda, chagua ununuzi, bonyeza “Report a problem” au “Request a refund”. Katika sababu, chagua ile inayosema ununuzi ulifanywa na rafiki au mwanafamilia bila ruhusa yako. Fanya hivyo kwa kila oda. Saa 48 za kwanza tangu ununuzi ndizo zenye nafasi nzuri zaidi. Zikipita, Google kwa kawaida hukuelekeza kwa mtengenezaji wa gemu. Jibu huja ndani ya siku moja ya kazi mara nyingi, na huweza kufika siku 4.

*Apple.* Ingia reportaproblem.apple.com, chagua kuomba kurudishiwa pesa, kisha sababu ya kwamba mtoto alinunua bila ruhusa, uweke alama kwenye vitu vyote vinavyohusika. Subiri saa 24 hadi 48 kupata jibu.

*PlayStation.* Kikomo cha kawaida ni siku 14 tangu ununuzi, lakini vitu vya ndani ya gemu kama sarafu, vikishaingia kwenye akaunti, kwa kawaida havirudishiwi pesa. *Xbox:* ingia kwenye akaunti ya Microsoft, fungua historia ya oda, uombe huko.

Pale penye nafasi ya maelezo, andika kwa ufupi. Mfano:

“Mimi ni mmiliki wa akaunti hii. Tarehe (andika), mwanangu mwenye umri wa miaka (andika) alifanya manunuzi (idadi) ndani ya gemu (jina) bila idhini yangu. Namba za oda ni hizi: (ziandike). Vilivyonunuliwa havijatumika. Nimeshaondoa njia ya kulipa na kuweka uthibitisho kwa kila ununuzi. Naomba kurudishiwa pesa.”

Kama fomu ni ya Kiingereza, tafsiri hayo hayo bila kuongeza hadithi. Ikiwa sehemu ya almasi imetumika, sema imetumika. Kampuni ya gemu inaona kila kitu alichofungua mtoto na saa aliyokifungua.

*Onyo kubwa:* usiseme kadi imeibiwa. Jirani atakushauri useme hivyo, na hata mhudumu asiye makini anaweza kukudokezea. Google wana fomu tofauti kwa miamala iliyofanywa na mtu usiyemjua, yenye kikomo cha siku 120, na fomu hiyo si ya mtoto wako. Ukiitumia kwa uongo, wataona ununuzi ulitoka kwenye simu ile ile, kwa intaneti ile ile ya nyumbani, nawe utapoteza ombi ambalo kwa ukweli lingeweza kukubaliwa. Mtoto naye atakuwa amesimama pale akitazama namna mzazi wake anavyotoka kwenye tatizo.

Hatua ya 6: Fuatilia, na ukikataliwa usiishie hapo

Ukikubaliwa, pesa ya kadi huchukua kwa kawaida siku 3 hadi 5 za kazi kutoka Google, na wakati mwingine hadi 10. Apple husema hadi siku 30 kwa kadi, na hadi 60 kama ulilipa kupitia bili ya simu. Weka tarehe kwenye daftari ili usianze kuhangaika kabla ya wakati.

Ukikataliwa, jibu la kwanza mara nyingi limetolewa na mfumo, si mtu. Kwa Apple unaweza kukata rufaa kupitia ukurasa ule ule. Kwa Google, mwandikie mtengenezaji wa gemu: chini kwenye ukurasa wa gemu ndani ya Play Store kuna anwani ya barua pepe ya msaada. Tuma ujumbe ule ule, namba za oda, namba ya mchezaji na picha za skrini. Baadhi ya watengenezaji hurudisha sehemu tu, yaani vile ambavyo havijatumika. Kubali sehemu hiyo kama ndiyo unayopewa, kisha endelea kudai iliyobaki kwa heshima.

Kuna jambo la kisheria unaloweza kulitaja, kwa sentensi moja: kwa Sheria ya Mikataba ya Tanzania, mtu asiyefikia umri wa utu uzima hana uwezo wa kufunga mkataba. Usiligeuze kuwa tishio la kwenda mahakamani. Anayesoma barua pepe yako yuko nchi nyingine na ana masharti yake mezani.

Hatua ya 7: Benki, mwisho kabisa

Benki iliyotoa kadi inaweza kupinga muamala kwa niaba yako kupitia Visa au Mastercard. Ni njia halali, ila ina gharama zake. Benki itakuuliza kama kuna mtu wa nyumbani aliyetumia kadi, na ukijibu kweli, inaweza kusema hilo ni jukumu lako kama mwenye kadi. Na hata ukishinda, kampuni iliyonyang’anywa pesa kwa njia hiyo inaweza kufunga akaunti. Sony wanajulikana kwa hili: akaunti ya PlayStation husimamishwa mpaka deni lilipwe, pamoja na gemu zote zilizonunuliwa kihalali miaka yote. Kwa hiyo pima. Kama akaunti ya Google ndiyo iliyobeba barua pepe ya kazi na picha za familia, mimi nisingeihatarisha kwa pesa ya skini mbili.

Ukiamua kwenda benki, nenda na daftari lako, andika pingamizi kwa maandishi, uondoke na namba ya malalamiko. Uliza siku hiyo hiyo ukomo wa muda wa kupinga muamala. Benki ikikaa kimya baada ya kumaliza utaratibu wake wa ndani, malalamiko yanaweza kupelekwa Benki Kuu, ya Tanzania au ya Kenya.

Hatua ya 8: Panga upya simu ya nyumbani

Mtoto awe na akaunti yake. Hili ndilo linalomaliza tatizo. Mengine yote ni viraka. Kwa Android, mfungulie akaunti kupitia Family Link, programu ya Google ya mzazi kusimamia akaunti ya mtoto, kisha kwenye idhini ya ununuzi chagua maudhui yote yahitaji kibali chako. Kila akibonyeza kununua, ombi linakuja kwenye simu yako. Fahamu kwamba kibali hicho kinahusu malipo yanayopitia Google Play peke yake. Tovuti ya nje na yule kijana wa WhatsApp havimo.

Kwa Apple, tumia Family Sharing, yaani kundi la akaunti za familia, na uwashe “Ask to Buy”, inayomfanya mtoto aombe kibali chako kabla ya kununua. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 13 huwa imewashwa yenyewe, kwa walio chini ya 18 unaiwasha mwenyewe. PlayStation, akaunti ya mtoto huanza na kikomo cha matumizi cha sifuri kwa mwezi, nawe unapandisha ukitaka. Kinachoharibu ni kumwacha mtoto acheze kwa akaunti ya baba.

Kama umeona ni sawa mtoto atumie pesa kidogo kwenye gemu, na mimi sioni ubaya, mwekee kiasi kinachojulikana na kikiisha kimeisha. Kadi ya mtandaoni iwekwe kiasi hicho tu. Kadi ya mshahara isikae kwenye simu anayochezea mtu yeyote.

Ikigoma

*Kitufe cha kuomba kurudishiwa hakionekani.* Mara nyingi umeingia kwa akaunti isiyo sahihi. Linganisha anwani ya barua pepe na iliyo kwenye risiti. Kwa Apple, kato ambalo bado linasubiri kukamilika haliwezi kuombewa. Rudi baada ya siku moja au mbili.

*Benki inaonyesha kato lakini historia ya Google ni tupu.* Kuna akaunti nyingine. Angalia simu ya dada wa kazi, tableti ya zamani, simu ya binamu aliyekuja likizo. Kadi ikishaandikwa mahali inabaki pale. Kama baada ya kutafuta kote hakuna mtu wa nyumbani anayehusika, sasa ndiyo unatumia ile fomu ya mtu usiyemjua, na kadi unaifunga.

*Pesa imerudi, lakini akaunti ya gemu imefungwa au almasi zinasomeka chini ya sifuri.* Ndivyo inavyokuwa: kampuni imechukua kilichonunuliwa, na kilichokwisha kutumika kimegeuka deni. Mweleze mtoto mapema kabla ya kuomba, asije akadhani umemfanyia kusudi. Usilipe deni hilo bila kufikiri, maana utakuwa umenunua upya kile kile.

*Pesa imerudi pungufu.* Kama malipo yalikuwa kwa dola, kiwango cha kubadilisha siku ya kurudi si kile cha siku ya kukatwa, na tozo za benki za muamala wa nje huenda zisirudi. Ulizia tozo hizo benki.

*Umepigiwa simu na mtu anayesema anaweza kukurudishia pesa zote.* Ni tapeli. Wanatafuta wazazi wanaolalamika mtandaoni, wanajiita mawakala wa Google au wa gemu, kisha wanaomba namba ya uthibitisho iliyotumwa kwenye simu yako, au ada ndogo ya kuanzisha ombi. Maombi yote niliyoyaeleza hapa ni bure na unayafanya mwenyewe. Namba ya siri na namba ya uthibitisho hazitolewi kwa mtu.

*Umeomba tena mwezi uliofuata na umekataliwa papo hapo.* Google na Apple wanaona historia ya maombi yako. Ombi la kwanza linachukuliwa kama ajali ya nyumbani. Likirudiwa, wanaliona kama tabia. Ndiyo maana hatua ya 8 haifai kuahirishwa hadi wikendi.

*Makato yanarudi kila mwezi ingawa gemu imefutwa.* Mtoto aliingia kwenye usajili wa kulipia, na kufuta gemu hakuusitishi. Kwenye Play Store fungua malipo na usajili, kwa iPhone gusa jina lako juu kwenye Settings kisha Subscriptions, usitishe huko, halafu uombe kurudishiwa kato la mwisho kwa njia ile ile ya hatua ya 5.